Mbwa wa Nyumbani Siku za Sikukuu

Kila mwaka, mwezi wa Desemba ufikapo, njia zipandazo mlima Kilimanjaro hujaa watu na magari. Wachagga waliokwenda kufanya kazi Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na miji mingine hufunga safari kurudi kwao, wapate kula Krismasi pamoja na wazee wao. Atokaye Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilometa 500 kabla ya kufika Moshi, kisha hupanda kwenda Machame, Kibosho, Marangu au Rombo. Kwa muda wa siku chache nyumba iliyokuwa na watu wanne hupata watu ishirini. Migomba ya kihamba imesimama vile vile, lakini chini yake mambo yote yamegeuka. Magari yamejaa uani, mbuzi anachinjwa, mbege inanywewa, watoto wasiojuana wanakimbizana, na redio inalia tangu asubuhi mpaka usiku.

Katika nyumba hiyo yumo mmoja ambaye hakuna aliyemwambia habari ya sikukuu. Huyo ni mbwa.

Tangu Januari mpaka Novemba kazi yake ilikuwa moja tu, nayo ni kulinda. Alijifunza kumbwekea kila mtu asiyemjua, na alipobweka alisifiwa. Sasa wageni kumi na sita wameingia kwa siku moja, na kila abwekapo hutupiwa jiwe anyamaze. Jana kubweka kulikuwa kazi njema, leo kumekuwa kosa, naye hajui sababu. Mbwa hana kalenda. Ajualo ni kwamba watu wageni wameingia katika mji wake, na wenyeji hawamsikilizi.

Kwa sababu hiyo siku za furaha ya watu huwa mara nyingi siku za hofu kwa mbwa. Na mbwa mwenye hofu hufanya moja katika mambo mawili: hukimbia akapotea, au huuma. Madhara hayo yote mawili yaweza kuzuiwa, wala kazi yenyewe si ngumu. Hata mtoto wa shule aweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

1. Masikio na pua

Mbwa huyatambua mambo kwa pua na masikio kuliko kwa macho. Sauti ni mtetemo wa hewa. Sikio la mtu huweza kusikia mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde moja, wala haliwezi kuzidi hapo. Sikio la mbwa husikia hata mitetemo ipatayo 45,000. Kwa hiyo ziko sauti nyembamba sana ambazo mtu hazisikii kabisa, na mbwa huzisikia. Masikio hayo ndiyo yamfanyayo kuwa mlinzi mwema. Mwizi akikanyaga jani kavu la mgomba usiku, mbwa huinua kichwa, hali wenye nyumba wamelala fofofo.

Lakini sikio hilo hilo halina mlango wa kufungwa. Fataki ipasukapo, mtoto hushtuka kidogo kisha hucheka, maana ameiona ikiwashwa, naye anajua kuwa ni mchezo. Mbwa hakujua kwamba itapasuka, wala hajui kama itapasuka tena. Kwake yeye kila mshindo ni hatari mpya.

Pua nayo ina habari zake. Kila mtu ana harufu yake mwenyewe, na kwa harufu hiyo mbwa huwatambua watu wa nyumbani. Wageni waingiapo pamoja na mizigo yao na manukato yao, harufu ya mji mzima hubadilika. Mbwa huzungukazunguka akinusa, hatulii. Watu humwita mkaidi, lakini anafanya kazi aliyofundishwa.

2. Matayarisho

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Mwenye mbwa asingoje mpaka magari yameingia uani.

Jambo la kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtoto wa mbwa aliyetimiza miezi mitatu yafaa achanjwe, na chanjo irudiwe kama atakavyoagiza bwana mifugo, ambayo kwa kawaida ni mara moja kila mwaka. Chanjo haifanyi kazi siku ile ile, maana mwili huhitaji majuma kadhaa kujenga kinga yake. Kwa hiyo mbwa ambaye hajapata kuchanjwa apelekwe mwezi wa Novemba, asingojewe mpaka mkesha wa Krismasi.

Jambo la pili ni ukanda wa shingoni. Juu yake iandikwe namba ya simu ya mwenye mbwa kwa wino usiofutika. Mbwa aliyekimbia usiku hawezi kusema atokako, ukanda utamsemea.

Jambo la tatu ni ua na lango. Matundu ya ua yazibwe mapema. Mgeni ashukaye garini na mizigo mikononi husahau kufunga lango, na mara hiyo moja yatosha mbwa kutoka mpaka barabarani. Ni vema mtoto mmoja mkubwa apewe kazi ya lango: kila gari likipita, yeye hulifunga.

Jambo la nne ni desturi za kila siku. Mbwa hutulizwa na mambo aliyoyazoea. Kama hula saa kumi na mbili za jioni, basi na siku ya sikukuu ale saa hiyo hiyo. Asubuhi na mapema, kabla ya wageni kuamka, atembezwe hata achoke. Mbwa aliyechoka kwa matembezi hulala mchana. Aliyefungwa tangu jana hutafuta pa kumalizia nguvu zake.

3. Mahali pa utulivu

Nyumba nyingi huwa na banda la mbwa, naye hufungiwa humo mchana na kufunguliwa usiku. Banda hilo laweza kuwa kimbilio lake siku za sikukuu, lakini pengine hugeuka kuwa mahali pa mateso. Kama liko karibu na jiko la nje au njia ya chooni, watu humpita kutwa nzima, na watoto humchokoa kwa vijiti. Mbwa achokolewaye bandani hawezi kukimbia wala kujitetea. Huweka hasira moyoni, na usiku afunguliwapo huwa mkali kuliko siku zote.

Yafaa basi banda liwe nyuma ya nyumba, mbali na kelele, na watoto wakatazwe kulikaribia. Liwe na nafasi ya mbwa kusimama, kugeuka na kujinyosha. Ndani yake liwekwe gunia au nguo kuukuu aliyoizoea, pamoja na chombo cha maji kisichopinduka kwa urahisi. Mtu mmoja amjuaye sana ndiye ampelekee chakula na maji siku hizo zote. Asiye na banda aweza kumweka mbwa katika chumba cha stoo, au nyumbani kwa jirani ambaye mbwa amemzoea.

Tena kivuli kisisahauliwe. Mtu apatapo joto hutoka jasho mwilini mwote. Mbwa hawezi kufanya hivyo, bali hujipoza hasa kwa kutoa ulimi na kuhema upesi. Banda la mabati lililopigwa na jua la Desemba humchosha upesi. Na gari lililofungwa vioo juani ni hatari kubwa zaidi, maana joto lake hupanda kwa dakika chache tu hata likaweza kumwua.

Kufunga mbwa kwa mnyororo mfupi kati ya watu si dawa. Mbwa aogopapo, kwanza hupenda kuondoka. Akiona kwamba mnyororo haumwachi aondoke, hubaki na njia moja tu, nayo ni meno.

Iko na adabu kwa wageni. Wengine huogopa mbwa tangu utoto wao. Wengine ni Waislamu, na kwa wengi wao mate ya mbwa ni najisi, hata nguo iliyoguswa nayo hapana budi ioshwe kabla ya sala. Mbwa akiwekwa mahali pake, mgeni hukaa kwa amani, na mbwa naye vile vile.

Hatari nyingine huja usiku. Wenyeji wanajua saa ya kufungua mbwa, lakini mgeni hajui. Hutoka gizani kwenda chooni, au hurudi kwa miguu kutoka kwa jamaa, akakutana na mbwa aliye kazini. Kwa hiyo mbwa asifunguliwe mpaka wageni wote wameingia ndani, na kila mgeni aambiwe: "Baada ya saa fulani usitoke bila kumwamsha mwenyeji." Nyumba iliyojaa wageni kila chumba haina haja kubwa ya mlinzi, mbwa aweza kupumzika bandani usiku huo pia.

4. Siku ya kuchinja

Siku ya kuchinja kila mtu humhurumia mbwa. Huyu humtupia mfupa, yule humtupia mafuta, wa tatu humwagia mchuzi. Jioni mbwa anatapika, na hakuna ajuaye alichokula.

Mfupa uliopikwa hukauka, na mbwa akiutafuna huvunjika vipande vyenye ncha kali. Vipande hivyo vyaweza kukwama kooni au kutoboa matumbo. Mifupa ya kuku ni mibaya zaidi kwa kuwa ni myembamba. Mafuta mengi kwa mara moja huweza kumletea ugonjwa wa kongosho, ambao una maumivu makali. Vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu damu yake. Basi mchuzi wa sikukuu si chakula cha mbwa. Chokoleti zina kitu ambacho mwili wa mtu hukiondoa upesi, lakini mwili wa mbwa hukiondoa polepole, kikawa sumu. Zabibu, mbichi na kavu, huweza kuharibu figo zake. Na mtu ampaye mbwa mbege au pombe nyingine ili watu wacheke, amempa sumu.

Liko na jambo jingine ambalo wachinjaji wengi hawalijui. Pengine katika ini au mapafu ya mbuzi na kondoo huonekana vifuko vyeupe vilivyojaa maji. Ndani yake wamo wadudu wachanga wa tegu mdogo. Watu huona kwamba nyama hiyo haifai kuliwa, wakamtupia mbwa. Mbwa aila mbichi, na wale wadudu hukua tumboni mwake wakawa tegu wazima. Mayai yao hutoka pamoja na choo chake, yakashika manyoya yake na majani ya bustani. Mtoto ampapasaye mbwa kisha akala bila kunawa huweza kumeza mayai hayo, na baada ya miaka mingi vifuko kama vile vile hukua katika ini lake au mapafu yake. Kwa hiyo viungo vibaya vichomwe moto, au vifukiwe katika shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Na matumbo apewayo mbwa yachemshwe sana kwanza.

Mbwa apewe chakula chake cha kila siku kabla watu hawajaanza kula, ili njaa isimlete penye sinia.

5. Mbwa husema kwa mwili wake

Watu wengi walioumwa na mbwa husema, "Ameniuma ghafula." Lakini ni mara chache mbwa huuma bila kusema kwanza. Yeye husema kwa mwili wake, na asiyeijua lugha hiyo hasikii.

Mbwa aanzapo kuogopa hugeuza uso, hulamba midomo ingawa hapana chakula, hupiga miayo ingawa hana usingizi. Hofu ikizidi, hulaza masikio nyuma, huficha mkia kati ya miguu, hutetemeka au huhema hali hakukimbia, na weupe wa jicho huonekana pembeni. Kisha mwili hukakamaa kama mti, midomo hupanda na meno huonekana, naye hunguruma. Kunguruma ni neno lake la mwisho: "Niache." Mbwa asipigwe kwa sababu amenguruma. Akijifunza kwamba kunguruma huleta fimbo, siku nyingine atauma bila kunguruma. Aondolewe yeye pale alipo, au aondolewe kimchochacho.

Wala kutikisa mkia si furaha siku zote. Mkia uliosimama juu, ukitikisika kidogo kidogo hali mwili umekakamaa, ni dalili ya hatari.

Watoto watokao mjini huenda hawajapata kukaa na mbwa. Wafundishwe siku ile ile wafikapo:

Asiguswe mbwa anayekula, anayelala, aliyefungwa, au mwenye watoto.
Asikumbatiwe shingoni, wala asitazamwe machoni kwa karibu.
Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata mbwa aliye mpole.
Mbwa mgeni akija mbio, mtoto asikimbie wala asipige kelele. Asimame kimya kama mti, mikono chini, akitazama ardhi, mpaka mbwa aondoke.
Akiangushwa, ajikunje kama mpira na kuziba masikio na shingo kwa mikono.

Sheria ya kusimama kama mti ni ngumu kuliko zote, kwa kuwa miguu ya mtu aogopaye hutaka kukimbia. Lakini mbwa hufuata kikimbiacho, na hakuna mtoto awezaye kumshinda mbwa mbio.

6. Usiku wa Mwaka Mpya

Usiku wa tarehe 31 Desemba, saa sita ifikapo, fataki hurushwa, madebe hupigwa na honi za magari hulia. Huo ndio usiku wa kupotea mbwa. Mbwa ambaye hakupata kuruka ua mwaka mzima huruka usiku huo, akakimbia bila kujua aendako.

Usiku huo atembezwe na kulishwa mapema, kisha aingizwe ndani kabla giza halijaingia. Milango na madirisha yafungwe, mapazia yashushwe, na redio ilie kwa sauti ya chini ili kupunguza mishindo ya nje. Akijificha chini ya kitanda, aachwe huko; amejichagulia mahali pa salama. Mtu wake akae karibu naye kwa utulivu. Kumpapasa mbwa aogopaye hakumfundishi woga. Kumpiga na kumkaripia ndiko kuzidishako hofu.

Mbwa mwingine huogopa hata hawezi kula wala kulala. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku nyingi kabla, maana dawa za kumtuliza ziko. Lakini asipewe dawa za watu. Hata kidonge cha kawaida cha kichwa chaweza kumwua.

7. Mtu akiumwa

Pamoja na uangalifu wote, mtu aweza kuumwa. Hapo lililo la kwanza ni maji na sabuni. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa robo saa nzima, hata likiwa dogo kama mkwaruzo. Lisipakwe pilipili, majivu wala mafuta. Kisha mtu apelekwe hospitali siku ile ile, ijapokuwa ni siku ya Krismasi yenyewe.

Sababu ya haraka hiyo ni kichaa cha mbwa. Virusi vya ugonjwa huo hukaa katika mate, huingia jeraha, na husafiri polepole katika neva kwenda ubongoni. Safari hiyo huchukua kwa kawaida majuma au miezi, na wakati huo chanjo yaweza kuvishinda. Dalili zikisha kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na katika kila mia moja wafao, arobaini hivi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa.

Zamani hapakuwa na msaada wowote. Tarehe 4 Julai 1885 mtoto wa miaka 9, jina lake Joseph Meister, aliumwa vibaya na mbwa katika nchi ya Alsace. Mama yake alimchukua mpaka Paris kwa mtaalamu Louis Pasteur, aliyekuwa akijaribu chanjo yake kwa wanyama. Pasteur alisita, maana hakuwa daktari wa tiba, na akishindwa angelaumiwa. Lakini bila chanjo mtoto angeweza kufa. Tarehe 6 Julai daktari alimdunga sindano ya kwanza, na kwa muda wa siku kumi hivi alidungwa mara 13. Joseph alipona, akakua, na baadaye akawa bawabu katika taasisi ya Pasteur huko Paris. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na siku hiyo huadhimishwa duniani kama siku ya kupigana na kichaa cha mbwa. Leo sindano ni chache, na hudungwa mkononi.

Basi mtoto aliyeumwa asifiche. Wengi huficha kwa sababu walikuwa wakimchokoa mbwa, nao wanaogopa fimbo. Wazazi wawaambie watoto wao mapema kwamba aliyeumwa hatapigwa, bali ataoshwa na kupelekwa hospitali. Neno hilo moja laweza kuokoa maisha. Mbwa naye asiuawe kwa hasira. Kama anaweza kufungiwa bila hatari, afungiwe na kuangaliwa siku kumi, na bwana mifugo apewe habari.

Mapema mwezi wa Januari magari hushuka tena mlimani, na kihamba hurudia ukimya wake. Wazee hubaki wawili watatu, na usiku mlinzi wao ni yule yule. Kama alitunzwa vema siku za sikukuu, atakuwapo uani, mzima, akisikiliza majani ya migomba kwa niaba yao.

Maswali

1. Kwa nini mbwa hufadhaika wageni wengi wafikapo?
2. Taja mambo manne yapasayo kutayarishwa kabla ya sikukuu.
3. Kwa nini haifai kumpa mbwa ini bichi lenye vifuko vya maji?
4. Kunguruma kwa mbwa kuna maana gani, na kwa nini asipigwe?
5. Mtoto afanye nini mbwa mgeni amjiapo mbio?
6. Eleza yapasayo kufanywa mara mtu aumwapo na mbwa.